Nukta tatu kwenye daftari la Mjomba

Mjomba alipata kiharusi mwezi wa Ramadhani mwaka 2021, baada ya alasiri, akiwa kwenye kiti chake cha mbao nyuma ya kaunta. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali ya Bombo, mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki na maneno hayatoki. Anasikia yote, anaelewa yote. Ukimwamkia anakukazia macho mpaka machozi yanamlenga, lakini neno halitoki.

Duka letu liko Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Tunauza vipuri vya mashine za boti: plagi, impela, propela, pistoni na ringi zake, oili, mipira ya mafuta, kamba za kuwashia. Nyuma kuna karakana yenye mafundi wawili na pipa la maji la kujaribia mashine. Mjomba alilifungua mwaka 1996, na kwa miaka 25 duka lilikuwa ni yeye. Nahodha akiingia kutoka Kigombe, hawajamaliza hata kujuliana hali, Mjomba ameshauliza ile gia boksi iliyokuwa inaingiza maji imetulia au bado. Akimwona kijana wa Moa amesimama mlangoni anajishauri, anajua amekuja kukopa, anajua na baba yake alikuwa analipaje. Ukutani pana kibao cha "Kukopa harusi, kulipa matanga", kama kilivyo kwenye maduka mengi ya hapa, lakini chini ya kibao hicho Mjomba alikopesha nusu ya pwani, na nusu ya pwani ilimlipa.

Mimi ndiye niliyeitwa kuja kukaa kwenye kiti kile. Sikuwa nimewahi kushika spana. Nilikuwa na daftari tu, kaunta buku kubwa lenye jalada gumu, la 6 tangu duka lianze, na mengine 5 yaliyofungwa kamba chini ya meza.

Nikafungua. Hamisi. Hamisi mrefu. Hamisi wa Deep Sea. Yule wa Subira. Mtoto wa marehemu, Pangani. Mbele ya kila jina, kiasi na tarehe, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma chuoni zamani. Pembeni mwa baadhi ya majina palikuwa na alama: msalaba mdogo, duara, na penginepo nukta tatu zilizopangwa mstari mmoja. Niliwauliza mafundi, hawajui. Nilimuuliza Mjomba mwenyewe, nikamwekea daftari mapajani. Aliziangalia zile nukta, akafungua mdomo, akaufunga, akageuza uso ukutani. Sikumuuliza tena kwa muda mrefu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Aliyetupotea ni msomaji wake.

Madeni yaliyoandikwa yalipita shilingi milioni 11, na bili za matibabu zilikuwa zinaingia. Nikachukua simu, nikaanza kupiga kuanzia juu ya ukurasa kwenda chini. Wengine walipokea, wengine hawakupokea, wengine waliapa kwamba walishalipa, na sikuwa na la kuwajibu. Jina la 9 lilikuwa la nahodha mmoja mzee wa Tongoni, lenye nukta tatu pembeni. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamkumbusha deni lake kwa adabu yote niliyofundishwa. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi na mjomba wako tumejuana tangu hajaota mvi. Hajanipigia simu ya deni hata siku moja."

Baada ya siku 3 alikuja. Aliziweka noti juu ya kaunta, akazihesabu moja moja, zikatimia. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. "Msalimie mjomba," akasema, akatoka. Hakurudi. Mwaka ukapita, na baadaye nikasikia ananunua vipuri kwingine.

Nilikaa na jambo lile moyoni, kwa sababu nilikuwa natoka kwenye kazi ambayo ingepaswa kunifundisha. Nilikuwa Dar es Salaam, miaka 6 nikipokea simu za wateja kwenye kampuni moja kubwa. Tulikaa safu kwa safu, vipaza sauti masikioni, na kila simu ilipoingia, kwenye skrini yangu palitokea jina la mpigaji na habari zake zote na sisi: alipiga lini mara ya mwisho, alilalamikia nini, nani alimjibu, aliahidiwa nini. Sikuwa nimepata kumwona mtu huyo, lakini niliweza kumwambia, "Naona juzi ulipiga kuhusu salio lako, pole sana, ngoja tuone limefikia wapi." Pumzi yake nilikuwa naisikia ikishuka. Mtu akijua hatalazimika kuanza hadithi yake upya, nusu ya hasira inakwisha kabla hujamtatulia chochote.

Ile ndiyo programu ya usimamizi wa uhusiano na wateja. Wenye kompyuta wanafupisha CRM, kutoka jina lake la Kiingereza, Customer Relationship Management. Jina lake refu linawafanya wenye maduka wadhani ni kitu cha mabenki. Mimi mtu wa Ngamiani akiniuliza namwambia hivi: ni kumbukumbu ya Mjomba, imetolewa kichwani mwake, imewekwa mahali ambapo kila anayesimama nyuma ya kaunta anaifikia.

Nilipoanza kusoma historia yake nilikuta hata Marekani ilianzia kwenye shida hiihii. Miaka ya 1950 wauzaji wa huko walianza kutumia Rolodex, kadi ndogo zilizopangwa kwenye gurudumu juu ya meza, kila kadi na mteja wake. Muuzaji akiacha kazi, gurudumu linaondoka naye, na wateja wanalifuata. Mwaka 1987 ikaja programu iitwayo ACT!, ikazihamishia kadi zile kwenye kompyuta, lakini mwanzoni ilikuwa bado ni kitendea kazi cha muuzaji mmoja mmoja. Mwaka 1993 Tom Siebel na Patricia House wakaanzisha Siebel Systems, wakayauzia makampuni makubwa wazo kwamba habari za mteja ni za nyumba nzima, si za aliyepokea simu. Ilikuwa programu ya kufungwa na wataalamu, kwa fedha ambazo duka kama letu lisingeziota. Mlango wa wadogo ulianza kufunguka mwaka 1999, pale Marc Benioff na wenzake walipoanzisha Salesforce huko San Francisco, programu ikakaa kwenye intaneti na watu wakawa wanalipia matumizi kama wanavyolipia umeme. Siebel wenyewe walinunuliwa na Oracle mwaka 2006. Leo ziko nyingi, hata za bure, na nyingine, kama SuiteCRM, msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote mwenye fundi wa kumfungia.

Lakini kujua historia hakukunizuia kukosea. Nilitaka haraka. Wakala mmoja wa Dar aliniuzia programu yenye kila kitu, nikalipa mwaka mzima mbele. Ukitaka kumwingiza mteja, inakudai barua pepe, cheo, jina la kampuni, sekta, tovuti. Mvuvi wa Sahare hana tovuti. Fundi ametoka kufungua karibureta, mikono imejaa grisi, anaambiwa ajaze nafasi 28 kabla mfumo haujamruhusu kuendelea. Alichofanya ni kujaza herufi x kila mahali. Baada ya miezi miwili nilikuwa na wateja 200 na zaidi ambao kilichokuwa cha kweli ni majina tu, na majina yenyewe akina Hamisi 14. Fedha ile haikurudi. Nawaambia wenye biashara wenzangu jambo hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona maduka yakinunua programu kama wanavyonunua jenereta, wakidhani ukishaifunga itawaka.

Aliyeninyoosha ni fundi mkubwa, aliyeanza kazi na Mjomba tangu siku za mwanzo. Alikuwa ananiangalia nikihangaika na akina Hamisi, akasema, "Mwanangu, wewe unaandika watu. Hapa hatutengenezi watu. Andika mashine."

Nikamwomba anifafanulie. Akanipeleka karakana, akanionyesha kibati kidogo kilichopo kwenye bano linaloshika ubao wa nyuma wa boti. Kina namba. Namba ile haifanani na nyingine. Boti inauzwa, jina lake linafutwa na kuandikwa upya, nahodha anahama chombo, mwenye mali anafariki na watoto wanagawana. Mashine inabaki na namba yake ileile, na magonjwa yake yaleyale.

Siku ile nilielewa kwamba hata neno mteja kwetu si mtu mmoja. Chukua boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Makorora ambaye hapandi boti. Yeye ndiye anayelipa. Nahodha yuko Sahare. Yeye ndiye anayejua mashine inakohoa saa ngapi. Fundi wa mwaloni ndiye anayeamua kipuri kinunuliwe kwetu au kwa jirani. Ukimpigia mwalimu kuhusu plagi, unamsumbua. Ukimpigia nahodha kuhusu deni, unamdhalilisha, kwa sababu deni si lake. Mjomba aliyajua haya yote kichwani. Programu nzuri inakuruhusu kuyafunga pamoja: mashine hii, chini yake mwenye mali, nahodha, fundi, na kila mmoja na kazi yake. Tulihamia programu nyingine nyepesi, tukafuta nafasi zote zisizotuhusu, tukabakiza 7. Ya kwanza ni namba ya mashine.

Kisha tukakutana na mwezi.

Programu hizi zimetengenezwa na watu wanaolipwa mishahara, na ukiiachia ifanye itakavyo inahesabu siku 30 toka mauzo, halafu inakwambia mkumbushe mteja. Nilifuata hivyo miezi ya mwanzo na watu walikuwa wakali. Ni fundi mkubwa tena aliyeniuliza, "Leo mwezi wa Kiislamu tarehe ngapi?" Nikasema labda 20. Akacheka kidogo, akasema, "Sasa unamdai mvuvi anayeanza giza?"

Kwa msomaji asiye wa pwani: wanaovua dagaa na vibua kwa taa huvua gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa yao haifui dafu mbele ya mbalamwezi, samaki hawakusanyiki, basi vyombo vinalala. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, vyombo vinarudi kazini, na mwenye chombo anatoa fedha zake zote: petroli, barafu, chakula cha mabaharia. Hana kitu mfukoni. Kumdai siku hizo ni kumdai mkulima aliyeshika mbegu. Fedha inaonekana giza linapokwisha, mgao unapofanyika, kwenye tarehe 10 mpaka 12 za mwezi wa Kiislamu. Na siku hizohizo ndipo mashine inashuka kwenye boti na inaweza kuletwa karakana. Kwa hiyo fedha na mashine vinapatikana kwa pamoja, siku zilezile, kila mwezi, na Mjomba alikuwa anazijua bila kuangalia kalenda. Hata bamvua alikuwa analihesabu, maana mvuvi wa Mwarongo hawezi kuileta boti yake popote maji yakiwa yamejaa wakati asioutaka.

Tuliacha siku 30. Kijana mmoja wa hapahapa mtaani anayejua kompyuta alituingizia tarehe za Kiislamu, na sasa kikumbusho kinatokea tarehe 11. Kusi likichachamaa, kuanzia kama mwezi wa 6, vyombo vidogo havitoki siku nyingi, hao hatuwadai kabisa, tunawaambia tu, "Lete mashine ioshwe chumvi na ifunguliwe wakati imelala." Kaskazi ikiingia wanakuwa tayari. Sijui kampuni kubwa zinazofuata vitabu vyao vya mauzo zingesemaje, ila kwetu badiliko hili moja lilirudisha madeni mengi zaidi ya simu zote nilizopiga mwaka wa kwanza.

Kuna jambo lililotokea katikati ya hayo, mwaka 2022, wakati bado nilikuwa napambana na ile programu ya nafasi 28. Boti ya Sahare yenye watu 4 ilizimikiwa mashine usiku, nje kabisa. Impela. Ni kipande cha mpira cha kutosha kiganja cha mtoto, kinachosukuma maji ya bahari yapande kupooza mashine. Mpira ukikauka na kuvunjika mbawa zake, maji hayapandi, mashine inachemka, pistoni inanata kwenye silinda. Maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini, na kusi nalo linasukuma kulekule. Walichukuliwa usiku kucha mpaka upande wa Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, na asubuhi wakakutwa na wavuvi wa Moa. Alhamdulillahi, wote wazima.

Mashine ile ilikuwa ya mteja wetu. Niliutafuta ukurasa wake kwenye daftari baada ya tukio, si kabla. Ilibadilishwa impela mwaka 2019. Mjomba angekumbuka, angemwambia nahodha siku yoyote aliyopita dukani kununua plagi. Mimi nilimuuzia plagi mwezi mmoja kabla, nikampa chenji, nikamtakia safari njema.

Bei ya impela kwetu haifiki ya debe la petroli.

Toka siku hiyo nimeiona kazi hii kwa jicho jingine. Daftari linamjua aliyekuja. Halimjui aliyeacha kuja, wala ambaye muda wake umefika na hajui. Ukilifungua lazima uwe na jina kichwani. Programu unaiuliza swali: nionyeshe mashine zote ambazo hazijabadilishwa oili ya gia kwa miezi 6. Nionyeshe waliokuwa wanakuja kila giza na sasa mbili zimepita bila kuonekana. Orodha inatokea. Mara nyingi ni majina 10 au 12 tu, na kila jina ni simu moja ya dakika mbili: "Hujambo nahodha, za huko? Impela yako inatimiza mwaka." Wengine wanakuja, wengine wanasema watanunua mwezi ujao. Mmoja aliniambia ameuza boti na amehamia Pemba, tukaagana vizuri, akanipa namba ya aliyemuuzia.

Kwa upande wa fedha, mauzo ya vipuri vidogo yamepanda na ya pistoni yameshuka. Pistoni ndiyo yenye faida kubwa. Kuna jamaa yangu mfanyabiashara aliniambia najikata mkono mwenyewe, nawakumbusha watu wasiharibikiwe. Sikubaliani naye hata kidogo. Mashine ikinata, mvuvi anakaa nchi kavu mwezi mzima, anakopa kwa wengine, pengine anauza chombo, na mimi nimempoteza kwa ajili ya faida ya pistoni moja. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Frederick Reichheld na Earl Sasser, waliandika kwamba katika biashara za huduma walizozichunguza, kupunguza wateja wanaoondoka kwa asilimia 5 kuliweza kupandisha faida kwa asilimia 25 mpaka 85. Wao walikuwa wanaangalia mabenki, bima na mambo kama hayo, na sitaki kuzibandika hesabu zao kwenye duka la impela. Sababu waliyoitoa ndiyo ninayoiona kila siku: mteja wa zamani humgharamii kumpata, hahitaji kufundishwa bei wala taratibu, ananunua zaidi kila mwaka, na anakuletea ndugu yake.

Programu pia imetuvusha mahali ambapo zamani tungezama. Fundi wetu mdogo aliondoka mwaka 2023 kwenda kufungua chake, kwa heri na kwa dua zetu. Wateja kadhaa walimfuata, ni haki yao. Lakini historia ya mashine zaidi ya 300 ilibaki hapa, na fundi aliyechukua nafasi yake alianza siku ya kwanza akijua ipi ina nati iliyolika na ipi iliwahi kuzama.

Si kila biashara inahitaji kuanza hivi. Jirani yetu anashona magauni ya harusi, na anatumia WhatsApp Business tu, ile iliyotoka mwaka 2018, ambayo ni bure na inakuruhusu kumwekea kila mteja lebo. Yeye ana lebo zake: vipimo tayari, jaribio la kwanza, amemaliza malipo. Kwa wateja 40 kwa mwezi inamtosha, na namshauri asihangaike na zaidi ya hapo mpaka aone inamshinda.

Kuna kitu kingine nataka kukisema taratibu. Mjomba alijua mengi kuhusu watu wake. Alijua nani anaumwa na amewaficha wanawe, nani ameachana na mkewe, nani aliwahi kufungwa. Vilikuwa kifuani mwake, vikamsaidia kuwa mpole pale pa kuwa mpole. Mwanzoni nilitaka kuyaandika hata hayo, kwenye ile sehemu ya maelezo, maana fundi mkubwa alikuwa ananisimulia. Nikasita. Kinachokaa kifuani mwa mzee mmoja kinalindwa na heshima yake. Kikishaingia kwenye programu kinasomwa na yeyote mwenye neno la siri, hata kijana mwenye wiki mbili tu kazini. Na sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye taarifa kwa lengo unalolijua na mwenyewe analijua, na inamtaka anayezikusanya ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo kwetu kila mteja anaambiwa: naandika namba ya mashine yako, simu yako na matengenezo, ili nikukumbushe, unakubali? Wapo waliokataa. Tumewaacha kwenye daftari, kwa jina tu kama zamani.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuyahamisha yale madaftari ya zamani. Nilifanya usiku, baada ya isha, Mjomba akiwa amelala chumba cha pili, karibu miezi 5. Nilihamisha kila mauzo, kila tarehe ya kukopa na ya kulipa, na kwa kuwa sikutaka kupoteza chochote nilichokuwa sikielewi, nikatengeneza nafasi ya alama: msalaba, duara, nukta tatu.

Msalaba ulijieleza haraka, hao ni marehemu. Duara ni wale waliolipa kwa mafungu. Usiku mmoja nikaichagua ile ya tatu, nikaiambia programu inionyeshe wote wenye nukta tatu, na malipo yao yote toka daftari la kwanza. Wakatokea watu 17. Nikashuka mstari kwa mstari. Walikopa 1998, wakalipa giza lilipokwisha. Walikopa 2004, wakalipa giza lilipokwisha. Mwaka wa kusi baya walichelewa mwezi mmoja, wakalipa. Watu 17, zaidi ya miaka 20, na hakuna hata deni moja lililovuka giza la pili.

Asubuhi niliketi karibu na kitanda cha Mjomba. Nikamwambia, "Mjomba, nukta tatu ni watu wasiodaiwa?" Akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole, na mkono wa kushoto ukanishika kifundo cha mkono.

Jumapili iliyofuata nilikodi gari, tukamweka kiti cha mbele, tukaenda Tongoni. Nahodha mzee alikuwa barazani anashona nyavu. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa simu ile, nikamweleza kwamba sikuwa najua kusoma alichoandika mjomba wangu. Hakusema kitu. Aliinuka akaenda garini, akafungua mlango, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari miguuni pa Mjomba, na wale wazee wawili wakashikana mikono muda mrefu bila neno.

Tulipewa madafu. Kabla hatujaondoka nikamweleza nahodha kuhusu programu, kwamba nikiwa na namba ya mashine yake nitamkumbusha impela na oili, si kingine. Akaniambia, "Andika." Aliitaja namba ile kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, bila kwenda kuitazama. Nikaandika kwenye simu. Nilipofika kwenye nafasi ya alama, Mjomba akanyoosha mkono wake wa kushoto kupitia dirishani, akagusa skrini kwa ncha ya kidole, mara tatu.